Jina Ndani ya Mabano

Uvumi ulianzia kwenye meza ya majimbi, sokoni Neiafu, visiwani Tonga, na Toakase aliusikia kwa masikio yake mawili. Mama mmoja muuzaji alikuwa anamwambia mwenzake, wala hakujisumbua kushusha sauti.

"Yule Lopeti wa Luseane? Mtoto wa kupewa, thubutu! Mtazame anavyotembea. Bega la kushoto limepanda juu kama la marehemu Fe'ao. Mtoto wa kupewa ataazima jina, bega ataliazimia wapi?"

Wakacheka, wakagongana mikono. Toakase aliondoka majimbi akayaacha mezani.

Ungekuwa umbeya mwingine angeusikia kwa sikio hili akautolea lile. Huu ulimkwama kama mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki. Kwa sababu siku tatu kabla yake alikuwa amepokea barua kutoka kwa madaktari wa Auckland, na barua ile ilisema yale yale aliyoyasema muuza majimbi, ila kwa maneno ya kisomi.

Mambo yalikuwa hivi. Kijijini Fangalei hapakuwa na mtu asiyejua kwamba wanaume wa ukoo wa Lolohea hawazeeki. Wengine walianguka shambani na wengine kanisani, na mmoja alikufa akifunga kamba ya kiatu. Wazee walisema ni laana ya bibi yao mmoja. Kisha, miaka minne iliyopita, wakaja madaktari wa Nyuzilandi na mashine ya kupiga picha moyo ukiwa unadunda, wakaona kitu kilicho wazi. Ndani ya moyo kuna vali, vilango vya kuzuia damu isirudi ilikotoka. Kwa akina Lolohea kilango kimoja kililegea kama shuka, damu ikavuja kurudi nyuma, na moyo ukachoka kwa kazi ya kusukuma mara mbili. Wakasema ugonjwa ni wa kurithi. Ni kosa dogo kwenye jeni moja, na mzazi akiwa nalo, kila mtoto anayezaliwa ni bahati nasibu, apate au akose. Jeni gani hasa, ndilo walilokuwa wanalitafuta.

Toakase alikuwa nesi wa kliniki, na ndiye aliyepewa kazi ya kutoa damu na kuchora mti wa ukoo. Wanaume aliwachora miraba na wanawake duara. Wagonjwa aliwapaka wino, na marehemu akawapigia mstari. Karatasi ile ilikuwa ndefu kama mkeka, na upande wa wanaume ulikuwa mweusi.

Lopeti alimchora ndani ya mabano. Ndivyo wanavyochorwa watoto wa kupewa, wasio wa damu. Luseane, mjane wa Fe'ao Lolohea, alisema tangu zamani kwamba alipewa mtoto yule na ndugu yake wa kisiwa cha Niuatoputapu, na mtoto wa kupewa kwa Watonga si kitu cha kushangaza. Nyumba gani haina?

Mapenzi yao yalianzia kwenye mabano yale.

"Nesi, mbona mimi umenifungia humu?" Lopeti alimuuliza siku ya kwanza, kainama juu ya karatasi.

"Hujafungiwa. Umehifadhiwa."

"Basi ukimaliza kunihifadhi humu, nihifadhi na kwako."

Toakase alijifanya hakusikia, lakini kalamu ilimponyoka. Lopeti alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Mwaka haukwisha wakachumbiana.

Shangazi Fehoko ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Huyu ni dada wa baba yake Toakase, na baba mwenyewe mbele ya dada yake huketi chini. Shangazi akikunyima baraka huolewi, na ukiolewa kwa ukaidi hakuna atakayekuja kula chakula chako. Fehoko aliwahi kuolewa na Manase Lolohea, mdogo wake Fe'ao, akamzika baada ya miaka mitatu.

"Kwenye damu ya Lolohea sikupeleki," alimwambia mpwa wake. "Ila huyu ni wa kupewa. Huyu moyo wake ni wa kwao Niuatoputapu. Chukua, mwanangu. Nakubariki."

Sasa, wale madaktari walihitaji pia damu ya watu wasio wa ukoo ili walinganishe. Lopeti alikunja mkono wa shati huku anacheka. "Toeni yangu, muone damu safi inavyofanana!" Toakase mwenyewe ndiye aliyemchoma sindano, akaandika namba arobaini na nne kwenye kichupa. Jina la mwenye namba lilikuwa kwenye daftari lake peke yake.

Barua ikasema: Kosa tumelipata. Wagonjwa wote wanalo. Sampuli namba arobaini na nne, uliyotuletea kama mtu wa nje, nayo inalo. Tumerudia kupima mara mbili. Huyu ni nani? Aje apimwe moyo upesi.

Toakase aliandika jibu moja tu: Namtafuta.

Alimtafuta siku ishirini na mbili, mtu ambaye kila jioni alikuwa anakula mezani kwa baba yake Toakase.

*

Jumamosi ya siku ya ishirini na mbili alikwenda kwa Luseane. Alimkuta mama huyo barazani amekaa katikati ya majani ya mkadi, anasuka mkeka wa kiunoni, ule ambao Lopeti angeuvaa siku ya harusi. Nguruwe wawili walikuwa wanachimbua uani. Lopeti alikuwa kwenye shimo la kuokea, anapanga mawe kwa ajili ya chakula cha Jumapili. Alimwona Toakase, akapunga mkono, akainua jiwe jingine. Kisha akaliweka chini taratibu, akashika magoti, akabaki ameinama.

Toakase alihesabu pumzi zake. Hakukusudia, ni macho ya kazi.

"Kuna nini?" alipaza sauti.

"Hakuna kitu. Uzee," Lopeti alisema, akaja akijifuta jasho. "Mama, huyu mkwe wako ananitazama siku hizi kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwambie meno yangu yote yapo."

"Akutazame, ndiyo faida ya nesi," Luseane alisema bila kuinua macho. "Wewe tangu wiki iliyopita unahema kama mbwa wa mawindo."

"Nahema kwa mapenzi, mama."

Luseane akacheka. Toakase hakucheka. Alikaa palepale juu ya majani.

"Lopeti. Kaa chini."

"Kuna msiba?"

"Kaa."

Akakaa. Ndipo Toakase akasema. Alisema kwa sauti ya kliniki, kwa sababu sauti yake mwenyewe ingekatika. Alisema damu yake ilipimwa Auckland, ikakutwa na kosa lile lile la akina Lolohea, lile lile kabisa, na kwamba halipatikani kwa kukaa nyumba moja wala kwa kula chungu kimoja. Hupatikana kwa kuzaliwa.

Lopeti alitabasamu kama anayengoja mwisho wa mzaha. "Mmechanganya vichupa."

"Wamepima mara mbili."

"Basi huyo ndugu wa mama wa Niuatoputapu..." Akageuka. "Mama?"

Mikono ya Luseane ilikuwa imesimama. Jani la mkadi lilikuwa limemkata kidole, damu inachirizika juu ya mkeka, naye hajui.

"Mama, sema kitu."

"Hakuna ndugu," Luseane alisema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna ndugu wa Niuatoputapu. Nilikuzaa mimi. Kwa tumbo hili."

Nguruwe walikoroma uani.

"Baba yako alikufa nina mimba ya miezi miwili," Luseane aliendelea, na maneno yalimtoka moja moja kama mtu anayeng'oa misumari. "Hakuna aliyejua. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimemzika kaka yako, Semisi. Miaka kumi na miwili. Alikuwa anakimbiza mpira wa raga, akaanguka nao mkononi. Nikasema moyoni, hiki kitu kinawajua wana wa Fe'ao kwa majina. Huyu hakitamjua. Nikaenda kwetu, nikajifungulia kwa mama yangu, nikarudi na mtoto, nikasema nimepewa. Nilitaka kifo kikija kuhesabu, kikuruke."

"Nilipokuwa na miaka saba," Lopeti alisema polepole, "nilikuuliza kama wewe ndiye uliyenizaa. Wenzangu walikuwa wananicheka. Ulisema hapana. Nililia mpaka jioni, ukanipa ndizi."

"Na mimi nililia. Nilijifungia chooni."

"Miaka yote madaktari wanakuja hapa kupima watu, mimi nawabebea mashine yao! Nawapangia viti! Binamu zangu wanapimwa, mimi nasimama mlangoni nawatania, na wewe unaniona!"

"Kila walipokuja nilitaka kusema. Nikiona unacheka, nasema labda kimemruka kweli. Labda uongo wangu umefanya kazi."

Lopeti alifunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika, na wote wawili walidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Maisha yangu yote nimetamani kuwa Lolohea wa kweli," alisema. "Kila Jumapili nawatazama kwenye benchi lao, nawaonea wivu. Leo nimepewa nyama hiyo, na mfupa wake humo humo."

Luseane akatambaa juu ya majani mpaka alipokuwa, akamshika kichwa, akakiweka mapajani kama cha mtoto mchanga. "Mwanangu," alisema. "Mwanangu wa kuzaa." Alilirudia neno lile mara nyingi. Alikuwa na deni lake la miaka ishirini na tisa. Lopeti aliacha kichwa pale. Hakumsukuma.

Toakase aliinuka awaachie nafasi. Hakufika hata kwenye ngazi.

"Toa." Lopeti alikuwa amekaa sawa. "Majibu yalikuja lini?"

Angeweza kusema jana. Neno lilifika mpaka ulimini. Lakini nyumba ile ilikuwa imekwisha kushiba uongo.

"Leo siku ya ishirini na mbili."

Akamwona Lopeti anavyohesabu kurudi nyuma, na akaona alipofika.

"Mashindano ya bendi yalikuwa ndani ya siku hizo," Lopeti alisema. "Nilipuliza tarumbeta asubuhi nzima. Ulikaa benchi la mbele."

"Nilikuwa nakuangalia kifua."

"Ulikuwa unaangalia kama nitaanguka."

"Lopeti, nilikuwa natafuta namna ya..."

"Juzi nimechimba viazi vikuu vya baba yako. Mashimo arobaini. Uliniletea maji, ukanipepea. Ukaniambia 'pumzika kidogo, mpenzi.' Kumbe ndiyo dawa yako?"

"Nikikuambia nakukosa!" Toakase alipasuka. "Shangazi alinibariki kwa sababu wewe si wa damu. Ukiwa wa damu hakuna harusi. Kila asubuhi nasema leo nitamwambia, kisha nakuona unakuja na kofia yako imekaa upande, nasema siku moja tu, Mungu wangu, nipe siku moja tu nyingine."

"Na ningekufa, Toa, ungenipata?"

Nyinyi mnaosoma, mtafuteni jibu lake.

*

Jumatatu Lopeti alikwenda mwenyewe kwa shangazi Fehoko. Alivaa nguo ya kanisani na mkeka kiunoni, akabeba shina la kava, mmea wa kinywaji cha heshima, kama anavyofanya mtu anayekwenda kuomba, akaketi chini mlangoni. Toakase alikuwa ndani, amekaa nyuma ya shangazi yake. Lopeti alieleza kila kitu, hakuficha hata kwamba aliyejua kwanza ni Toakase.

Fehoko alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, lakini siku hiyo aliongea chini chini.

"Kijana, mimi sikuchukii. Ningekuchukia ningekuacha umwoe."

"Najua, shangazi."

"Manase wangu alikuwa na umri wako. Alikuwa ananifungulia kopo la nyama, anaimba. Akasema, 'Subiri kidogo, Feho.' Akakaa chini. Mpaka leo nasubiri."

"Shangazi," Toakase aliingilia, jambo ambalo mpwa hafanyi, "siku zile hawakujua ni nini. Sasa wanajua. Wanapasua Auckland, wanatengeneza vali, mtu anaishi mpaka uzee."

"Watapasua moyo wake. Wa kwako atapasua nani?" Fehoko aligeuka. "Na mtoto wako atakapokimbiza mpira, wewe utakaa unatazama mpira au utatazama kifua?"

Neno la kifua lilimpata Toakase pale pale palipouma.

"Siwezi," Fehoko alisema. "Nirogeni, nisemeni vibaya, siwezi. Baraka yangu naichukua."

Toakase alimtazama Lopeti. Aliomba kwa macho: sema neno, piga goti, lia, kaidi. Wapo waliokaidi mashangazi wakakimbilia mji mkuu, Nukualofa, wakarudi na watoto wawili na nguruwe, wakasamehewa.

Lopeti aliinamisha kichwa. "Shangazi amesema."

Toakase alimkimbilia nje, pekupeku, watu wanatazama.

"Hukunipigania!"

"Hapana."

"Hata neno moja, Lopeti! Unampa mtu neno la mwisho juu yetu, unaondoka kama umeaga mkutano?"

Lopeti alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimtazama kwa muda mrefu, paji la uso, midomo, makovu madogo ya kidevuni, kama anayekariri wimbo atakaouimba bila kitabu.

"Nakupenda," alisema. "Usije ukafikiri vingine. Kama shida ingekuwa shangazi tu, ningelala mlangoni kwake mpaka nyasi ziniotee. Lakini mimi sasa ni mgonjwa, Toa. Mgonjwa anamuuliza mkewe, 'Nina nini? Daktari amesemaje?' Na mimi nitakuuliza, utanijibu, na nitatazama uso wako nijiulize safari hii ni siku ngapi."

"Sitarudia. Naapa mbele ya Mungu."

"Mama naye alinificha kwa kunipenda. Nyote wawili mmenipenda hivyo hivyo. Mama sina namna, ndiye aliyenizaa." Akaweka mkeka sawa kiunoni. "Wa pili siwezi kumchagua mwenyewe."

Akashika njia. Bega lake la kushoto lilikuwa juu, na Toakase akashangaa kwamba alikuwa amelipenda bega lile mwaka mzima, asijue anapenda nini.

*

Alhamisi madaktari walimpiga Lopeti picha ya moyo. Kilango kilikuwa kimelegea sana, na damu ilirudi nyuma kwa wingi, ila moyo wenyewe bado ulikuwa na nguvu. Daktari alisema wamewahi, lakini kwa tundu la sindano. Ndege ya Auckland ilikuwa Jumamosi, na Luseane angekwenda naye. Kwenye fomu ya hospitali, mahali palipoandikwa "uhusiano na mgonjwa", Luseane aliandika MAMA MZAZI kwa herufi kubwa zikatoka nje ya mstari.

Kliniki ya Fangalei ina nesi mmoja. Kwa hiyo aliyempa Lopeti kijitabu chake cha matibabu ni Toakase, na aliyetakiwa kumwandikia masharti ni yeye huyo huyo. Walikaa, meza katikati yao.

"Kuna mambo ya kuepuka mpaka upasuliwe," alisema. "Mengine hata baada yake. Nikusomee au niandike?"

"Andika. Mama atakuwa anasoma."

"Yote?"

"Yote, nesi," Lopeti alisema. "Usiache hata moja."

Hakusema Toa. Alisema nesi, kwa adabu, kama watu wote wa foleni. Toakase akavuta kijitabu karibu, akaandika polepole kwa mwandiko wa kusomeka:

Usipulize tarumbeta.

Usibebe mawe, magunia wala mtungi wa gesi.

Usichimbe viazi vikuu, hata shimo moja.

Usizamie baharini na usiogelee peke yako.

Usile chumvi nyingi na nyama ya kopo.

Using'oe jino kabla hujamwambia daktari wa meno kwamba una ugonjwa wa vali.

Usikae na homa zaidi ya siku moja.

Usiache dawa kwa sababu umejisikia vizuri.

Usiseme "ni uzee" ukikosa pumzi.

Usimkasirikie mama yako kwa muda mrefu.

Ukipata mtoto usimfiche alikotoka, na usichelewe kumpeleka kupimwa.

Usioe mwanamke kabla hujamwambia. Na ukishamwambia, usimharakishe. Mwache alie.